Pokeeni Kidogo Kidogo: Wito kwa Wauzaji wa Mtandaoni wa Njombe na Makambako

Ndugu zangu wa Njombe na Makambako, na nyinyi wa Lupembe, Wanging'ombe, Ludewa na Makete mnaofuata bidhaa mjini. Barua hii nawaandikia hasa vijana na akina mama mnaouza vitu kupitia simu: wenye kurasa za Instagram, wenye makundi ya WhatsApp na Facebook, mnaoweka picha za friji, cherehani, makochi, televisheni, pampu za maji na misumeno ya kukatia miti, kisha chini ya picha mnaandika bei na maneno mawili, "keshi tu". Ombi langu ni kwamba maneno hayo mawili yaondoke. Mpokeeni mteja anayetaka kulipia kidogo kidogo. Mtunzieni mzigo wake, na siku akimaliza, mkabidhini.

Utaratibu wenyewe tunao. Wenye maduka ya vifaa vya ujenzi wameufanya miaka mingi. Mkulima anauza viazi, analeta hela ya bati kumi, anaandikiwa kwenye daftari. Msimu mwingine anarudi na hela ya bati nyingine, na misumari, na kofia za kuezekea. Idadi ikitimia ndipo gari linapakia. Nyumba nyingi mnazoziona zimeezekwa vizuri vijijini hazikuezekwa kwa mkopo wala kwa mshahara wa mkupuo, zimeezekwa kwa daftari la namna hiyo. Mwenye duka hakumkopesha mtu chochote, na mnunuzi hakudaiwa na mtu.

Biashara ilipohamia kwenye simu, daftari halikuhama nayo. Mama yuleyule anayeaminika dukani akitoa elfu ishirini kila wiki, mtandaoni anaambiwa atume laki sita zote leo, kwa mtu ambaye hajawahi kumwona. Anauliza kwa adabu, "Kaka, hilo friji naweza kulipia taratibu?" Anajibiwa, "Hapana mama, ni keshi." Anazima simu, na biashara imeishia hapo kwa wote wawili.

Tazameni jinsi fedha zinavyoingia katika mkoa huu. Mwenye parachichi hupata fedha zake msimu wa mavuno, zikija kwa pamoja, na nusu yake tayari ina wenyewe: mbolea, vibarua, deni la mbegu. Mwenye mahindi vivyo hivyo. Aliyepanda paini anasubiri miaka mingi mpaka miti yake ifae kupasuliwa mbao. Upande wa pili wako wanaopata kidogo lakini bila kukatika: mchuma chai anayelipwa kwa kilo, mama anayekamua ng'ombe wawili na kupeleka maziwa, muuza nguo za mitumba, mpiga debe wa stendi ya Makambako, fundi cherehani, dereva wa bodaboda. Hawa wa pili ni wengi, na ndio ambao "keshi tu" inawafungia mlango, kwa sababu laki sita kwa pamoja huwa hawazishiki hata mwaka mzima, ingawa kwa mwaka hupitisha mikononi zaidi ya hizo. Januari inapofika na ada za shule, hata kile kidogo kilichokuwa kimewekwa hupotea.

Chukulieni friji la laki sita. Likigawanywa kwa wiki ishirini na nne ni elfu ishirini na tano kwa wiki. Mama wa maziwa anaiweza hiyo. Baada ya miezi isiyofika sita analichukua, halina riba, na kama kanunua ili auze maziwa ya mgando na juisi, linaanza kazi siku hiyohiyo likiwa lake.

Najua mtu atauliza: si aweke mwenyewe kwenye kibubu? Aweke, ni jambo jema. Lakini hela iliyoko nyumbani ina wenyewe wengi. Kuna msiba, kuna mgonjwa wa kupelekwa hospitali, kuna mchango wa harusi ya mtoto wa shangazi ambao huwezi kuukwepa. Hela iliyokwisha kuingia kwenye friji lenye jina lako ni rahisi kuitetea mbele ya ndugu. Tena kuna faida ambayo kibubu hakiwezi kuitoa: bei. Bidhaa nyingi hizi hutoka nje ya nchi, na shilingi ikiyumba mbele ya dola, bei inapanda. Mkikubaliana bei siku ya kwanza, mnunuzi amekingwa. Naomba wauzaji msilione hilo kama hasara tupu. Nanyi wekeni ukomo wa muda, miezi minne au sita, ili bei mliyoikubali isiwaumize.

Anayekataliwa kulipa kidogo kidogo haachi kuhitaji friji. Anakwenda kwingine, na huko tunakujua: mikopo ya kausha damu. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha watu mtandaoni bila leseni. Yaliyowakuta wakopaji tumeyasikia wote: riba inayokua kwa siku, na ujumbe wa kumdhalilisha mkopaji unaotumwa kwa watu waliomo kwenye simu yake, kuanzia mkwe hadi mwalimu wa mtoto. Mama anayelipia friji kidogo kidogo akiugua wiki mbili, kinachotokea ni kwamba friji linachelewa wiki mbili. Hakuna anayekuja kuchukua kochi lake. Na kwa ndugu zetu Waislamu wanaoikwepa riba kwa imani yao, njia hii haina riba ya kukwepa.

Siidharau mikopo yote. Pikipiki za mkataba zimewapa vijana wengi kazi, kwa sababu pikipiki inazalisha kila siku na inajilipia. Lakini televisheni haijilipii, wala makochi. Kwa vitu vya namna hiyo, kulipa kwanza na kuchukua baadaye ni salama zaidi kwa mtu wa kipato chetu. Marekani walikuwa na utaratibu huu madukani tangu miaka ya 1930, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi. Kampuni kubwa ya Walmart iliuacha mwaka 2006, ikaurudisha 2011, ikauacha tena 2021 na mahali pake pakaingia mkopo wa kulipa baadaye. Sioni kwa nini nasi tuuruke huu tukimbilie ule.

Sasa nizungumze na wauzaji kuhusu jambo gumu, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Hela ya mteja ambaye hajapewa mzigo si hela yenu bado. Nyinyi mmeishika tu. Mkiizungusha kwenye biashara nyingine, mkalipia pango la duka au mkanunulia mzigo mpya Kariakoo, siku mambo yakienda kombo mtakuwa mmezama na watu wa watu. Uingereza, mwezi Oktoba 2006, kampuni iitwayo Farepak ilianguka. Familia zaidi ya laki moja, nyingi za kipato cha chini, zilikuwa zimeilipa kidogo kidogo mwaka mzima ili zipate vocha na vyakula vya Krismasi. Fedha zile hazikuwa zimetengwa mahali salama, na baada ya miaka ya kusubiri watu walirudishiwa sehemu tu. Kwetu hapa, waliokuwepo mwaka 2009 wanaukumbuka mpango wa upatu wa DECI, na jinsi watu "walivyopanda mbegu" wasivune. Mambo mawili haya hayafanani, kwa kuwa DECI iliahidi faida isiyowezekana na Farepak iliuza bidhaa za kweli, lakini aliyetoa hela yake mapema aliumia kotekote. Hata kampuni isiyo na nia mbaya inaweza kuondoka: soko la mtandaoni la Jumia lilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019.

Kwa hiyo tengeni. Kampuni za simu zenyewe zinatakiwa kuweka fedha za wateja katika akaunti za dhamana benki, mbali na fedha za kampuni, na Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 inasimamia hilo. Muuzaji mdogo wa Makambako anaweza kufuata msingi uleule kwa kiwango chake: lipa namba ya pekee kwa ajili ya malipo ya awamu, au akaunti kwenye SACCOS ambayo ni mwanachama wake, isiyoguswa mpaka mzigo utoke. Vijana watano wanaouza mtandaoni wakiungana, wakawa na akaunti moja yenye watia saini watatu, watakuwa wamempa mteja sababu ya kuwaamini ambayo ukurasa wa mtu wa Dar es Salaam asiyejulikana hauna.

Hapo ndipo nguvu yenu ilipo. Mnapatikana. Kutoka Makambako hadi Njombe mjini ni kilomita zipatazo sitini tu. Mteja anaweza kupanda gari asubuhi, akaliona friji lake, akasoma jina lake lililobandikwa juu yake, akarudi nyumbani kabla ya jioni. Mtumieni hata picha kila mwezi, ikionyesha jina lake na tarehe. Kitu kilichokwisha kuanza kulipiwa kisiendelee kupigwa picha na kuuzwa kwa mwingine aliyekuja na keshi. Mkifanya hivyo mara moja tu, habari itafika Ludewa kabla ya basi.

Na makubaliano yaandikwe. Ujumbe mmoja wa WhatsApp ulio wazi unatosha kuanzia: jina la muuzaji na mahali alipo, aina ya bidhaa na modeli yake, bei, kiasi cha kuanzia, siku ya mwisho, nani analipa usafiri. Andikeni pia mteja akishindwa njiani atarudishiwa nini. Mimi naona arudishiwe yote, ikikatwa gharama ndogo iliyotajwa tangu mwanzo, na muuzaji akishindwa arudishe kila shilingi. Baada ya kila malipo, mtumieni salio: umelipa kiasi hiki, kimebaki kiasi hiki. Kujitambulisha kwa jina na anwani si hisani, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka anayeuza kwa njia ya mtandao afanye hivyo.

Nanyi wanunuzi, ulizeni. Muuzaji hatabadilika asipoulizwa na wengi. Mkiambiwa mtume kwenye namba yenye jina la mtu mwingine, msitume. Kama mko mbali, mtumeni kaka au binamu aliyeko mjini akaione bidhaa kabla ya malipo ya kwanza. Anzeni na kitu kimoja, kiishe, ndipo muanze kingine. Na kwa kuwa kila muamala una makato yake, ni heri kulipa mara moja kwa wiki kuliko kutuma elfu mbili mbili kila siku. Walioko kwenye VICOBA wanaweza kukusanya siku ya kikao na kutuma kwa pamoja, kila mtu akiandikiwa chake.

Kwa maofisa biashara wa Halmashauri za Mji wa Njombe na Makambako, na kwa viongozi wa wafanyabiashara, ninaloomba ni karatasi moja. Tengenezeni mfano wa mkataba wa malipo ya awamu, kwa Kiswahili chepesi, usiozidi ukurasa, na mgawieni kila kijana anayekuja kukata leseni akisema anauza mtandaoni. Wekeni na namba ya simu ambayo mteja aliyedhulumiwa ataipiga akapokelewa. Karatasi hiyo ikipatikana kabla ya msimu wa parachichi ujao, mkulima atakaposhika hela yake ataweza kulipia pampu nusu ya bei siku hiyo, na nusu iliyobaki akaimalizia kwa hela ya maziwa.