Nani kasema kukataa dili ni kwa walioshiba?

Mwenye njaa hana miiko, walisema wahenga, na siku hizi msemo huo umehamia kwenye simu. Kijana akitangaza kwamba amekataa kufanya kazi na kampuni fulani, chini ya posti yake watu hujazana kumcheka. Anaringa. Ngoja zimwishie. Wanaamini kwamba kukataa udhamini ni anasa, na kwamba mtengeneza maudhui mdogo, mwenye wafuasi elfu thelathini na deni la kodi ya chumba, hana ubavu wa kuchagua.

Mimi naona wamegeuza mambo. Wenye uwezo wa kukubali dili bovu ni matajiri.

Mtazame Kim Kardashian. Mwaka 2021 alitangaza kwenye Instagram sarafu ya kidijitali iitwayo EthereumMax, akalipwa dola 250,000 bila kuyaweka wazi malipo hayo. Oktoba 2022 mamlaka ya Marekani inayosimamia masoko ya mitaji ilimbana, akakubali kutoa dola milioni 1.26. Akatoa, maisha yakaendelea. Sasa dada wa Mwanza anayefundisha kupika sato kwa video za dakika mbili akiingia mkenge wa namna hiyo, atalipa na nini? Mtaji wake wote ni kwamba akisema kiungo hiki kizuri, watu wanakwenda kukinunua. Hicho ndicho kampuni inachokitaka kwake, kwa sababu video yenyewe hata mpwa wa meneja angeweza kuipiga.

Tumfanyie hesabu. Kampuni ya mafuta ya kupikia inamwahidi shilingi 300,000 kwa video moja. TikTok haimlipi kitu, na YouTube inataka kwanza wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka kabla ya kuanza kugawana naye mapato ya matangazo. Kwa mtu wa hali hiyo, laki tatu si pesa ya kuchezea, nakubali. Lakini ukurasa wa tatu wa mkataba una kifungu kinachomzuia kutangaza mafuta ya kampuni nyingine kwa miezi sita. Gawanya mwenyewe: elfu hamsini kwa mwezi, na huyu ni mpishi! Kifungu kinachofuata kinaipa kampuni haki ya kutumia sura na sauti yake milele, yaani mwaka 2040 anaweza kukutana na uso wake wa ujana kwenye bango la Buguruni na asidai hata senti. Malipo ni siku 90 baada ya kupeleka ankara. Mwenye nyumba hasubiri siku 90. Kwa hiyo hata ile njaa iliyomfanya asaini iko palepale.

(Wale wanaoleta boksi la sabuni na kuliita malipo, nawaacha. Hao hata kujibiwa hawastahili.)

Zipo bidhaa ambazo hata mkataba ungekuwa safi namna gani, jibu ni hapana. Mkorogo wenye zebaki. Chai ya kuondoa kitambi kwa siku saba. Na mikopo ya simuni isiyo na leseni: Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila idhini. Tunaijua tabia ya hizi kausha damu. Ukichelewa kulipa, ujumbe wa kukuaibisha unakwenda kwa shemeji, kwa bosi, kwa mchungaji, kwa kila namba iliyomo kwenye simu yako. Aliyedhalilishwa hivyo hamjui mwenye programu. Anakujua wewe uliyemwonyesha pa kubonyeza.

Wa kubeti wataniambia biashara yao ni halali. Ni kweli, leseni wanazo. Leseni walikuwa nazo Kenya pia, na bado Aprili 2025 bodi inayosimamia kamari ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Ukiegemeza kipato chako chote kwa mdhamini wa aina hiyo, habari ya kukatika kwa riziki yako utaisikia kwenye taarifa ya saa mbili usiku kama sisi wengine.

Kipimo changu hakihitaji wingi wa wafuasi. Kampuni inayokukataza kusema kwamba umelipwa, ikatae siku hiyo hiyo, maana inajua bidhaa yake haiuziki watu wakijua ukweli. Inayokutaka usifie kitu ambacho haijakupa ukijaribu, nayo ikatae. Mengine yote yanajadilika. Waambie miezi sita haiwezekani, mwezi mmoja sawa. Waambie nusu ya malipo itangulie. Kampuni yenye nia ya kufanya kazi nawe itarudi na karatasi nyingine. Isiporudi, ilikuwa inatafuta wa bei rahisi, na kesho ingempata aliye rahisi kuliko wewe.

Kwa hiyo mkataba ukikufikia wiki hii, soma kifungu cha muda kabla ya kifungu cha malipo. Ukikuta "milele" mahali popote panapotaja sura yako, omba lifutwe, na uombe kwa maandishi, siyo kwa simu.