"Mtawanyo Kinyume": Istilahi Inayoficha Dhana

Mwaka 1923 Arthur Compton, mwanafizikia wa Marekani, alieleza jinsi eksirei inavyogonga elektroni, ikaiachia sehemu ya nishati yake na kuchepuka. Tukio hilo kuitwa mtawanyo wa Compton si neno. Utata huzuka tunapofikia mitambo midogo ya kuzalisha eksirei, ambamo mtoaji na mpokeaji wa nishati hubadilishana nafasi. Anayetafsiri neno kwa neno hupata "mtawanyo kinyume wa Compton". Kwa maoni yetu, istilahi hii haifai.

Tuitazame dhana yenyewe. Katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich, Ujerumani, mtambo wa namna hii ulifungwa mwaka 2015. Elektroni huchapuliwa hadi kukaribia kasi ya nuru, kisha hukutanishwa uso kwa uso na nuru ya leza. Fotoni ya leza yenye nishati ya takriban elektronivolti 1.2, ikigongwa na elektroni ya elektronivolti milioni 29, hurudi ilikotoka ikiwa na takriban elektronivolti 15,000; sasa ni eksirei. Katika matumizi ya kawaida, kutawanyika hudokeza kupungua na kupotea. Hapa nishati ya fotoni imeongezeka mara elfu kadhaa, na eksirei hutoka kwa wingi katika mwali mwembamba unaofuata mwelekeo wa elektroni. Aidha, neno "kinyume" halisemi ni nini kilichogeuzwa.

Tunapendekeza "mdundo wa kukuza nishati". Mtoto yeyote anajua kwamba mpira unaomjia mchezaji, akiupiga teke huku akikimbia kuukabili, huondoka kwa kasi zaidi ya ile uliyojia nayo. Istilahi hii ni ndefu, lakini inafundisha.

Yuko atakayedai kwamba watumiaji wa mitambo hii husoma Kiingereza, hivyo istilahi ya Kiswahili ni anasa. La hasha. Barani Afrika hakuna hata sinkrotroni moja. Ile ya Grenoble, Ufaransa, ina pete yenye mzingo wa meta 844. Pete ya Munich haifiki meta 5, nayo hutosha chumbani. Ingawa mtambo mdogo hautoi eksirei nyingi kama ule mkubwa, kwa nchi zetu tofauti hiyo ya ukubwa ndiyo inayofanya jambo lizungumzike. Nalo likifika katika Bunge la Tanzania, litajadiliwa kwa Kiswahili. Mbunge atakayeombwa kuidhinisha fedha za "mtawanyo kinyume" atakuwa na haki ya kuuliza kama fedha nazo zitatawanywa.

Waundaji wa istilahi hawana budi kuanza na dhana, ndipo walitafute neno. Anayeanza na neno la kigeni huishia kutafsiri hata makosa ya wenzake.