Shingo Si Uvivu

Ndugu wafanya kazi, sisi tubebao mataruma begani twaijua shingo ikikaza: kutazama nyuma ni kugeuka mwili mzima. Wengine hulala siku tatu. Wengine huita mtu aizungushe kwa nguvu mpaka ilie. Tuache hayo. Tuikande kwa kitambaa cha maji moto, tuigeuze polepole kulia na kushoto, tulalie mto mmoja. Mara nyingi hupoa kwa wiki chache. Lakini mkono ukifa ganzi au kulegea, au shingo ikikaza pamoja na homa, hospitali upesi!

Hayo ni ya nyumbani. Kazini, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yakataza kumbebesha mtu mzigo wa kumwumiza. Nyapara akisema ni uvivu, twataka maumivu yaandikwe siku ile ile.