Kona ya Mwalimu: Kifundo Kilichoinyamazisha Dua

Mwezi huu tumeazimia kuandika juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu mkaliona si la ukurasa huu, nalo ni vifundo vya mashine ya kuchanganyia sauti. Tunawaomba subira, kwani nyuma ya vifundo hivyo iko haki ya mtu.

Wengi wenu mlihudhuria hitima iliyosomwa ukumbini petu kabla ya Ramadhani. Akina mama walikaa chumba cha juu, ambako sauti hufika kwa spika mbili zilizounganishwa na mashine iliyoko chini kwa wanaume. Kisomo kilipokwisha, mhadhiri alisimama, akamtaja marehemu, akaomba dua ndefu iliyotuliza nyoyo. Huko juu haikusikika hata herufi moja. Dada wa marehemu, aliyesafiri saa sita kwa basi ili aje kuitikia amina, aliitazama spika iliyo kimya mpaka watu wakainuka. Akina mama walimtuma mtoto ashuke kutupasha habari. Alipofanikiwa kupenya safu za wazee, sisi tulikuwa tumekwisha kuletewa kahawa.

Lawama zote zilimwangukia kijana aliyekuwa kwenye mashine. Aliambiwa mbele za watu kuwa hana makini, na kuwa vijana wa siku hizi hawawezi kuaminiwa hata na swichi. Nasi hatujitoi, tulikuwa miongoni mwa waliosema. Kijana akainamisha kichwa, na tangu siku ile hatukumwona tena ukumbini.

Wiki mbili baadaye tulikwenda kuitazama mashine wenyewe, na tulipoiona tulifadhaika. Kila maikrofoni ina safu yake ya wima, na katika kila safu sauti hushuka kutoka juu kwenda chini kama maji katika mfereji. Juu kabisa kipo kifundo cha kupokea sauti kwa nguvu inayofaa. Chini yake vinafuata vitatu vya kurekebisha sauti nyembamba, ya kati na nzito. Halafu kipo kinachoipeleka sauti chumba kingine, na hicho ndicho kiwapacho akina mama. Mwisho, karibu na mkono, kuna kitelezi cha kusukumwa juu na chini, ambacho huamua kiasi cha sauti ya ukumbi mkubwa. Mpangilio huu si mbaya. Ubaya ni kwamba kifundo cha sauti nzito na kile cha chumba cha akina mama vimepakana, vina umbo moja, ukubwa mmoja na rangi moja ya kijivu, na maandishi yake ni madogo kuliko ya kwenye chupa ya dawa.

Tulimwendea kijana nyumbani kwao ili tujue yaliyotokea. Alitupa shikamoo kwa adabu, kisha akaeleza. Sauti ya mhadhiri ilikuwa ikivuma, naye akataka kupunguza uzito wake. Mkono ukaangukia kifundo cha chini. Akakizungusha mpaka mwisho, mvumo haukupungua. Akajaribu cha juu yake, ukapungua, akaridhika. Kile cha kwanza kikabaki kimefungwa, na kwa kuwa ukumbi wa chini ulisikia vizuri, hakuna aliyeshuku lolote. “Mwalimu,” akatuambia, “vyote viko sawasawa. Hata mkono haujui umeshika kipi.”

Maneno hayo yalitukumbusha kisa cha Vita vya Pili vya Dunia. Marubani wa Marekani waliorusha ndege za B-17 walikuwa wakitua salama, kisha, ndege ikiwa tayari iko ardhini, wakakunja magurudumu badala ya vibawa vya nyuma ya mabawa, na ndege ikaangukia tumbo. Iliandikwa kuwa ni kosa la rubani. Mwanasaikolojia kijana aitwaye Alphonse Chapanis, aliyelitumikia jeshi la anga, alikwenda kuangalia chumba cha rubani, akakuta swichi ya magurudumu na ya vibawa zimewekwa ubavu kwa ubavu na zinafanana. Dawa aliyoitoa ilikuwa nyepesi: swichi ya magurudumu akaibandikia kigurudumu cha mpira, na ya vibawa akaibandikia kipande chenye umbo la kabari. Vidole vikaanza kutambua kile ambacho macho yaliyochoka yalikuwa yakikikosa. Kanuni za usafiri wa anga za Marekani mpaka leo zinataka kishikio cha magurudumu ya ndege kubwa ya abiria kiwe na umbo la gurudumu, na cha vibawa kiwe na umbo la bawa.

Akina mama hawana haja ya kwenda mbali hadi kwenye ndege. Lipo jiko lenye sehemu nne za kupikia zilizopangwa mraba, ilhali vifundo vyake vinne vimepangwa mstari mmoja. Nani asiyewahi kuwasha moto chini ya sufuria tupu? Mwaka 1959 Chapanis huyohuyo na mwenziwe Lindenbaum walilijaribu jambo hilo, wakaonyesha kuwa makosa hutegemea sana jinsi vifundo na sehemu za kupikia zinavyopangwa.

Turudi kwenye sauti. Msanifu mwema wa mashine hii huanza na sikio. Ili sauti ionekane imekuwa kubwa maradufu, nguvu yake haina budi kuongezwa takriban mara 10. Kwa hiyo kitelezi hakigawanywi kwa hatua zilizo sawa: karibu na alama ya sufuri nafasi huwa pana ili mkono urekebishe taratibu, na huko chini alama husongamana. Wengi hushangaa kuona sufuri iko juu badala ya chini. Neno hilo tumelipata kwa Kiarabu, na maana yake ya asili ni utupu. Lakini hapa sufuri si ukimya. Ni mahali ambapo kitelezi hakiongezi wala hakipunguzi chochote. Ukimya uko chini kabisa.

Mambo mengine ni ya mkono na jicho. Kifundo kiwe na mstari mweupe unaoonekana toka mbali. Vifundo vya kurekebisha sauti viwe na kituo kidogo katikati, ili kidole kihisi kwamba sauti imeachwa kama ilivyo. Vitelezi vilipendwa kuliko vifundo vikubwa vya duara vya zamani kwa sababu mtu hutupa jicho mara moja akaona hali ya maikrofoni zote, tena huweza kusukuma kadhaa kwa pamoja. Tom Dowd wa Atlantic Records, huko New York, anatajwa miongoni mwa waliotangulia kuvitumia katika miaka ya 1950. Na rangi zisaidie, lakini zisiachiwe kazi peke yake: katika watu wa asili ya Ulaya ya kaskazini, takriban mwanamume mmoja kati ya 12 huchanganya nyekundu na kijani.

Tumeshauriwa tununue mashine mpya yenye kioo cha kugusa. Ina faida zake, kwani hukumbuka mpangilio wa Ijumaa iliyopita na kuurejesha kwa kitufe kimoja. Hata hivyo kioo ni laini kote. Kidole hakihisi kimefika wapi, na kijana atalazimika kukitazama kioo wakati anaopaswa kumtazama mhadhiri. Kabla ya kuchangisha fedha, tumeonelea tujaribu lililo karibu.

Mambo tuliyoyafanya ni haya. Kila kifundo cha chumba cha akina mama tumekivisha mpira mnene, ili kishikwapo kitambulikane hata gizani. Safu zisizotumika tumezifunika kwa kadibodi. Chini ya kila kitelezi tumeandika kwa herufi kubwa, na kwa Kiswahili: IMAMU, MHADHIRI, WATOTO WA MADRASA. Mahali pa kawaida pa kila kifundo tumepatia nukta ya rangi nyeupe. Mwisho, akina mama wamemteua mmoja wao awe msikilizaji, na kimewekwa kitufe cha taa: sauti ikikatika hukibonyeza, na taa huwaka mbele ya mwenye mashine. Gharama yote haikufikia bei ya sinia moja la biriani.

Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Kijana wetu alikosea, lakini kosa lile lilikuwa limetegwa na aliyeichora mashine, na sisi tuliompa bila kumfundisha tuna fungu letu. Tulimkaripia hadharani, basi na samahani yetu tunaiandika hadharani. Kwa dada wa marehemu tumekwisha kwenda kuomba radhi, na dua imesomwa upya, safari hii yeye akiisikia. Kijana alikuwa kwenye mashine siku hiyo. Aliugusa ule mpira mara mbili kabla mhadhiri hajafungua kinywa, halafu akaitazama taa.

Tunawaomba wazazi wengine wenye vijana wanaojitolea ukumbini wawahimize warudi. Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya Alasiri, mashine itakuwa wazi kwa yeyote anayetaka kujifunza, mabinti wakiwemo.

Wabillahi tawfiq.