Slaidi si Tasnifu

Mwanafunzi atetea tasnifu yake: amenakili aya nzima kutoka Word, akazibandika katika slaidi za PowerPoint, na sasa awasomea wahadhiri, ambao kusoma wanajua. Hasara huzidi data inapokuwa ushairi. Mshororo wa mizani 16 hukatika ukingoni mwa kisanduku, utao ukaangukia mstari wa chini, na hoja kuhusu vina vya kati ikakosa ushahidi machoni pa hadhira. Ilhali njia ipo. Vichwa vikiwekewa mitindo katika Word, PowerPoint huvipokea kama muhtasari: kichwa kikuu huwa slaidi, vichwa vidogo huwa hoja zake, nazo aya husalia katika hati. Ubeti, hata hivyo, haupiti njia hiyo. Sharti upangwe kwa mkono, kila kipande mahali pake.