Breki Ikigoma Kuachia

Mwezi uliopita tukielekea Kendwa nilimwambia mume wangu gari linavuta kushoto na linanuka moto. “Wasiwasi wako tu,” akajibu. Tukanuniana mpaka tulipofika. Rimu ya mbele kushoto ilikuwa haishikiki kwa moto. Ya kulia vuguvugu tu.

Fundi akapiga jeki, akazungusha tairi kwa mkono: zito. Kumbe kalipa imeganda! Pini zake zimeota kutu kwa hewa ya chumvi, pedi ya ndani imekwisha kabisa. Akazisugua pini, akatia grisi ya breki na raba mpya, akabadili pedi za matairi yote mawili ya mbele. Tairi likazunguka laini.

“Ningekusikiliza,” akasema mume wangu, kichwa chini.

Basi mwenzio akinusa moto, simamisha gari kwanza. Mtabishana baadaye.