Mradi Ukiisha, Mhadhiri Asiondoke Same

Mwaka 1955 wapulizaji wenye mabomba ya dawa walianza kupita nyumba kwa nyumba katika tambarare za chini ya milima ya Upare, na ng'ambo ya mpaka huko Taveta, Kenya, wakinyunyizia kuta dieldrini. Ulikuwa Mpango wa Malaria wa Pare-Taveta, ukiongozwa na watafiti wa kituo cha Amani, kule Usambara. Hadi upuliziaji unakoma mwaka 1959, mbu aina ya Anopheles funestus alikuwa ametoweka katika eneo hilo na malaria imeshuka sana, ingawa vimelea havikuisha. Wengi wakiutaja mpango huo hutaja dawa. Mimi naona thamani yake iko kwenye kilichofuata: dawa ilikoma, vipimo vikaendelea hadi 1966. Malaria ilirudi taratibu kama ilivyohofiwa, lakini vifo vya watoto wadogo havikurudi kwenye kiwango cha zamani, na waliochambua takwimu hizo baadaye waliona kuwa kupatikana kwa klorokwini kulichangia. Kama watafiti wangefungasha virago 1959, tungebaki na nusu ya hadithi, tena nusu inayopotosha.

Nalisema hili kwa sababu ya idara za biokemia na biolojia ya molekuli katika vyuo vikuu vyetu vya tiba. Kazi yao haionekani kwa macho, hivyo ni rahisi kudhani kwamba inaanzia na kuishia maabara. Chukua SP (sulfadoksini na pirimethamini), dawa tuliyoifanya ya kwanza dhidi ya malaria hapa Tanzania mwaka 2001 klorokwini iliposhindwa. Sisi binadamu hupata foleti kwenye mboga za majani na maharage. Kimelea cha malaria hujitengenezea yake, na bila foleti hakiwezi kunakili vinasaba vyake. SP ni dawa mbili ndani ya kidonge kimoja, kila moja ikiziba kimeng'enya kimoja katika utengenezaji huo. Jeni ya kimeng'enya ikibadilika kidogo tu, dawa hukosa pa kushika. Kati ya 2005 na 2008 zaidi ya watoto wachanga 2,400 wa Korogwe na Same walishiriki utafiti wa kinga dhidi ya malaria, wakipewa dozi ya SP au ya dawa nyingine walipofika kliniki kuchanjwa. Matokeo yalichapishwa 2009 katika jarida la Lancet. Korogwe, SP haikuonyesha kinga. Mefloquine, dawa nyingine iliyojaribiwa, ilipunguza malaria kwa takriban asilimia 38, ila ilitapikwa zaidi. Same, ambako maambukizi yalikuwa machache, makundi hayakutofautiana kwa kiwango cha maana. Na SP hiyo hiyo bado wanapewa wajawazito kama kinga, hivyo swali la usugu wa vimelea dhidi yake halijafungwa.

Swali la namna hiyo halijibiwi kwa mradi wa miaka mitatu. Linahitaji mhadhiri mwenye ajira ya kudumu, anayekusanya sampuli zilezile, kutoka zahanati zilezile, mwaka hadi mwaka. Tone la damu likikauka kwenye karatasi ya kuchujia husafiri kwa bahasha bila barafu, na miaka kadhaa baadaye vinasaba vya kimelea bado husomeka. Same haiko mbali na Moshi, kwenye chuo cha tiba: ni kama kilomita mia moja za lami. Kinachokatika si njia, ni mfululizo wa sampuli.

Wapo watakaosema Same haina malaria ya kutisha siku hizi, tuelekeze nguvu Kanda ya Ziwa. Hoja hiyo ina uzito, hasa baada ya mabadiliko ya jeni yanayohusishwa na usugu kwa artemisinini kuonekana Kagera. Lakini mahali penye malaria kidogo ndipo watu wanapokuwa na kinga ndogo mwilini, na mlipuko ukija huwaumiza wakubwa kwa wadogo. Wengine watasema hiyo ni kazi ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba. Ni kweli NIMR inafuatilia usugu nchi nzima, na inafanya vizuri; ila chuo kina kitu cha ziada, yaani wanafunzi. Kijana anayejifunza kimeng'enya kwa sampuli ya Gonja au Hedaru, wilayani Same, haelewi kitu kilekile na aliyekikariri kwenye slaidi za projekta. Kuhusu fedha sibishani sana: mashine za kusoma jeni ni ghali na vitendanishi huagizwa nje, basi usomaji na ufanyike Dar es Salaam. Mshahara wa mtu mmoja na bahasha za karatasi si mzigo wa kuishinda bajeti ya chuo. Mfano wa kujitunzia upo huku huku: Wapare walichimba ndiva, yaani mabwawa madogo ya kukusanya maji ya usiku, na watumiaji wakawa wanaondoa tope wenyewe kwa zamu, bila kumngoja mfadhili. Vivyo hivyo, mganga mfawidhi wa zahanati anayeona wagonjwa wakirudi na homa baada ya kumaliza dozi anapaswa kuwa na namba ya simu ya mhadhiri huyo, nayo ipokelewe hata mwaka ambao hakuna mradi wowote.